Wayahudi, baraka 100 kwa siku na jasho la shamba

Kwetu mtu akisema anatafuta baraka anamaanisha anataka kupewa kitu, awekewe mkono kichwani, biashara ifunguke, safari iende salama. Kwa Wayahudi hiyo maana ipo, makuhani wananyoosha mikono na kutamka yale maneno ya Hesabu 6, Bwana akubariki na kukulinda, ila baraka ya kila siku imegeuka upande wa pili kabisa, yaani binadamu ndo anaemwambia Mungu "Umebarikiwa wewe, Bwana, Mungu wetu, Mfalme wa ulimwengu" alafu anataja kilichopo mbele yake. Mkate una baraka yake, tunda lina yake, radi ikipiga ina yake, na hata ukitoka chooni unashukuru kwamba matundu ya mwili yanafunguka na kufunga inavyotakiwa. Rabi Meir kwenye Talmudi, yale maandiko ya mijadala ya marabi wa zamani, alisema mtu anatakiwa azifikishe 100 kwa siku, na sio ngumu kama inavyosikika, ile sala moja inayosaliwa watu wamesimama, yenyewe tu siku za kawaida ina baraka 19 na inasaliwa mara tatu, tayari 57 hizo.

Sasa hapo ndo linakuja swali ambalo mimi linanigusa sana. Mtu anaetamka mara 100 kwamba kila kitu kimetoka kwa Mungu, anahangaika shambani kwa sababu gani? Na kama amehangaika, mgongo umemuuma, kwanini asiseme hiki nimekipata mimi?

Marabi walishabishana hili karne ya 2, chini ya Warumi. Kumbukumbu la Torati 11:14 inasema utavuna nafaka yako na divai yako na mafuta yako, Yoshua 1:8 inasema kitabu cha torati kisitoke kinywani mwako mchana na usiku, sasa utavuna saa ngapi kama usiku na mchana unasoma? Rabi Ishmael akasema hilo la Yoshua usilibebe neno kwa neno, soma Torati na ulime kama watu wengine wanavyolima. Rabi Shimon bar Yochai akakataa kabisa, akasema mtu akilima msimu wa kulima, akapanda msimu wa kupanda, akavuna, akapura, akapepeta, hiyo Torati itakuwaje? Kwake Israeli wakifanya mapenzi ya Mungu kazi zao watafanyiwa na wengine, wasipofanya ndo watazifanya wenyewe kwa mikono yao.

Baadae sana kule Babeli, rabi mmoja, Abaye, akatoa majibu kwa kuangalia yaliyotokea tu: wengi walifanya kama Ishmael wakafanikiwa, wengi walifanya kama Shimon hawakufanikiwa. Na mwenzake Rava akawaambia wanafunzi wake wasionekane darasani mwezi wa Nisani na mwezi wa Tishri, yaani wakati wa mavuno ya nafaka na wakati wa kukamua zabibu na zeituni, waende mashambani ili wasihangaikie chakula mwaka mzima. Mwalimu anafunga darasa ili watu wakavune, mi nalipenda sana hilo. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, kwa hiyo msomaji wa kwetu atamuelewa Ishmael fasta.

Ila tusimmalize Shimon mapema, maana anachokiogopa ni kitu cha kweli. Kumbukumbu la Torati sura ya 8 inaonya juu ya mtu atakaekula akashiba, akajenga nyumba nzuri, mifugo ikaongezeka, alafu moyoni aseme ni nguvu za mkono wangu ndo zimenipa utajiri huu, na wote tunamjua mtu wa namna hiyo, anavyowaangalia wasio nacho kana kwamba walilala tu. Talmudi yenyewe inasema ukisikia mtu kajitahidi kwenye Torati akapata, amini, lakini kwenye biashara inategemea msaada wa mbinguni, kwa sababu wapo waliojitahidi hawakupata. Juhudi haiondoi kudura, wazee wetu nao waliliona.

Mimi jibu naliona kwenye mkate, na hapa naomba tukae kidogo. Ile orodha ya kazi 39 zilizokatazwa siku ya Sabato inaanza na kazi 11 za mkate: kupanda, kulima, kuvuna, kufunga miganda, kupura, kupepeta, kuchambua, kusaga, kuchekecha, kukanda, kuoka. Kazi 11, mtu kazifanya zote, alafu anaushika mkate anasema umebarikiwa wewe unaetoa mkate katika ardhi! Ardhi haijawahi kutoa mkate, imetoa ngano. Unaweza kusema hapo jasho la mkulima na la mwokaji limefutwa. Lakini angalia, ukitafuna punje mbichi za ngano unasema baraka ya kawaida ya mazao ya ardhi, mkate ndo una baraka yake maalum, na zabibu ina ile ya matunda ya mti ila ikishakuwa divai inapewa baraka yake yenyewe. Yaani pale mkono wa mtu ulipoongeza kitu na baraka inapanda. Ndo maana siamini kwamba baraka inaifuta kazi, inaingoja iishe, alafu inamzuia alieifanya asiseme ni ya kwake peke yake.

Leo mjadala huu upo hai Israeli na una machungu yake. Mwaka 1948 Ben-Gurion, waziri mkuu wa kwanza wa Israeli, aliwaachia wanafunzi kama 400 wa Torati wasiende jeshini, sa hivi wako makumi ya maelfu, wengi wanaishi kwa posho na mshahara wa mke, na Juni 2024 Mahakama Kuu ikasema msamaha huo hauna msingi wa kisheria. Watetezi wao wanasema kusoma Talmudi kutwa nzima ni jasho pia, na hilo ni kweli, tena kuna utaratibu wa zamani wa Zabuloni na Isakari, wale wana wa Yakobo, mmoja anafanya biashara, mwingine anasoma, thawabu wanagawana. Maimonides mwenyewe, yule rabi mkubwa wa karne ya 12, aliishi hivyo Misri, ndugu yake David ndo alikuwa anatafuta hela mpaka akazama Bahari ya Hindi, hii hii ya kwetu, na Maimonides akaugua kitandani karibu mwaka mzima kwa huzuni, alafu akaishi kwa udaktari. Na ndo huyo huyo alieandika kwamba anaeamua asome tu, asifanye kazi, aishi kwa sadaka, amelinajisi jina la Mungu. Hapo mimi niko na Maimonides, japo najua wapo wanaosoma kwa moyo safi kabisa, wana njaa na hawalalamiki.

Na Shimon mwenyewe, kisa chake hakikuishia kwenye ule ubishi. Alijificha na mwanawe pangoni miaka 12 wakiwakimbia Warumi, walipotoka wakaona watu wanalima, wakakasirika kiasi kwamba kila walichokitazama kiliungua, sauti ikatoka mbinguni ikawauliza mmetoka kuniharibia ulimwengu wangu? wakarudishwa pangoni miezi 12 mingine. Walipotoka mara ya pili, Ijumaa jioni jua linazama, wakamuona mzee anakimbia na mafungu mawili ya mihadasi, matawi yanayonukia, kwa heshima ya Sabato, mioyo ikatulia. Alafu Shimon akauliza, hapa kuna kitu chochote kinahitaji kutengenezwa? Akaambiwa kuna mahali watu wanahofia pana makaburi, na makuhani hawatakiwi kukanyaga kaburi, inabidi wazunguke mbali. Akaenda mwenyewe kuikagua ile ardhi, palipokuwa pagumu akasema ni safi, palipokuwa laini akapawekea alama, makuhani wakapata njia ya kupita.