Nani kasema ughaibuni hatuli?

Mwandishi wa ile makala kuhusu chakula cha ughaibuni ametuonea. Eti sisi tulioko nje tunaishi kwa mikate ya pakiti huku tukiota ugali. Labda huko aliko yeye. Mie niko Muscat, Oman, mwaka wa 9 sasa, na mkanda nimeshautoboa matundu mawili zaidi.

Ijumaa asubuhi nashuka soko la samaki la Mutrah, nachagua nguru mwenyewe, nakatiwa vipande. Mchana anapikwa wa nazi (ya kopo, hilo nakubali). Jioni kando ya barabara ni moshi wa mishikaki, nao Waomani wanaiita mishkak, basi hata neno linakukaribisha. Na Idi ukialikwa shuwa usikatae: nyama inapakwa viungo, inafungwa majani, inazikwa shimoni kwenye makaa siku nzima au mbili. Ikitoka haitaki kisu. Kisha halua ya zafarani, na kahawa chungu yenye iliki. Ukitosheka, tikisa kikombe, la sivyo mwenyeji anaendelea kumimina tu. Mwaka wa kwanza sikulijua hilo, nikanywa vikombe vinane na usiku sikufumba jicho.