Kutoyeyuka Siyo Kustahimili

Wiki hii kwenye kundi letu la WhatsApp la walimu wa sayansi hapa Tabora imezunguka klipu yenye maandishi mekundu: WAZUNGU WAPATA CHUMA KISICHOYEYUKA, KINASHIKA JUA LA NYUZI MILIONI 150! Wenzangu, watu wenye shahada zao na vumbi la chaki mikononi, wakajibu kwa makopa na "Mungu mkubwa". Nilitaka kunyamaza. Nimeshindwa.

Chuma kinachosemwa ni metali ya tungsteni, na hakuna chuma kinachogusa nyuzi milioni 150. Plazima, yaani gesi ambayo atomu zake zimechanika kwa moto kiasi hicho, inashikiliwa na sumaku katikati ya tokamaki, mtambo wa kuunganisha viini vya atomu kama lifanyavyo jua, mbali na ukuta. Kinachoifikia tungsteni ni masalia yanayosukumwa kwenye daiveta, sehemu ya kule chini inayopokea moto na taka za plazima, na masalia hayo tu ni kiama: kwenye ITER, tokamaki ya majaribio inayojengwa kusini mwa Ufaransa, daiveta imesanifiwa kubeba megawati 10 kwa kila mita ya mraba, na kwa sekunde chache hadi megawati 20. Jua letu la Oktoba, lile linalofanya mbuzi wagombanie kivuli cha mwembe, ni kama kilowati moja kwa mita hiyohiyo. Pigeni hesabu, walimu.

Ila kinachonikera hasa ni hilo "kisichoyeyuka". Kinayeyuka! Nyuzi 3,422. Haya, nakubali, hakuna metali nyingine inayofika huko, na bila namba hiyo tusingekuwa hata na cha kujadili. Lakini tumewakaririsha watoto kana kwamba ndiyo jibu la kila swali. Nendeni mkawaangalie wapasua kokoto. Wanarundika kuni na matairi juu ya mwamba, wanawasha, granaiti inapasuka. Nani amewahi kuiona ikitiririka pale? Jiwe linakufa likiwa gumu vilevile, kwa sababu ngozi imeshika moto na tumbo bado baridi.

Tungsteni nayo hufa hivyohivyo. Plazima haina utulivu. Pembezoni mwake hutokea vijilipuko, kila kimoja cha milisekunde moja hivi au pungufu, na vinaweza kufuatana mara nyingi ndani ya sekunde. Kwa muda mfupi hivyo joto haliwahi kuzama, linaishia kwenye utando mwembamba wa juu. Utando unataka kutanuka, metali ya chini inaukatalia, unabanwa mpaka unaharibika umbo. Kipigo kikipita unapoa, unasinyaa, sasa unavutwa. Na tungsteni ikiwa bado haijapata joto la nyuzi mia kadhaa haipindi, inakatika. Kule Jülich, Ujerumani, wameitwanga kwa miali ya elektroni hadi vipigo milioni moja. Nguvu ambayo haikuacha alama kwa vipigo vichache iliuparuza uso na kuupasua ilipofika malaki. Na wala nyuzi 3,422 hazikukaribiwa.

Sijagusa heliamu ya kwenye plazima inayoiotesha tungsteni manyoya usoni. Wala atomu nzito za tungsteni yenyewe, ambazo chache tu zikiingia kwenye plazima zinaipoza.

Mwenzangu mmoja akanijibu: "Mwalimu, na wewe unapenda kupinga. Si WEST, tokamaki ya Wafaransa, imeshika plazima dakika 22 Februari 2025, na daiveta yake ni tungsteni?" Imeshika, na nimefurahi kweli. Lakini wahandisi wale hawakuiachia metali kazi yote. Wameikata vibloku vidogo vidogo ili kila kimoja kitanuke bila kugombana na jirani, wakapitisha katikati bomba la aloi ya shaba lenye maji yanayokwenda kasi. ITER wataongeza na sumaku maalumu za kuvituliza vile vijilipuko.

Tena hawaogopi kila ufa. Unaoshuka wima kuelekea bomba unavumilika, joto linapita ubavuni mwake. Unaolala sambamba na uso ndio balaa: unakata njia ya joto kwenda kwenye maji, kipande cha juu kinaachwa peke yake na moto, na hapo sasa ndipo inapoweza kufika ile 3,422 mnayoishangilia. Ufa upi unaua, na kwa nini? Swali hilo sijawahi kuliona kwenye mtihani wowote. "Taja metali yenye kiwango cha juu kabisa cha kuyeyuka" nimelisahihisha mpaka kalamu nyekundu zimeisha wino.