Mama huangalia viatu, mimi naangalia saa

Mama ana vyumba vinne vya kupangisha Tabata, Dar es Salaam. Dalali akileta mteja, mama humtazama viatu kwanza, ndipo maswali yafuate: Umeoa? Watoto wangapi? Kwenu wapi? Mwanamke asiye na mume ataambiwa chumba kimeshapata mtu, wakati kufuli linaning'inia pale pale. Akija binti wa mtu wa jumuiya, kodi ya miezi sita inageuka ya mitatu.

Nilikuwa nauita huo utu. Kisha, huku Marekani, nikahamia mji wa Kent, nikaipangisha nyumba yangu ya jiji jirani la Seattle. Kule sheria ya jiji, tangu 2017, inanitaka nitaje vigezo vyangu mapema kwa maandishi, niandike saa kila ombi linapokamilika, na wa kwanza kutimiza vigezo ndiye apewe. Dini na asili ya mtu kuwa sababu ya kumkataa zilishakatazwa na sheria ya Marekani nzima ya 1968; kukataa familia yenye watoto kukaongezwa 1988. Mama angeshtakiwa mara ngapi sijui.

Mwaka jana akanipigia Mkongo mmoja wa Bukavu. "Kaka, nisaidie." Mshahara anao, kazi anayo, ila ni mgeni na hana historia ya mikopo, nami kwenye vigezo nilikuwa nimeandika alama 650 za historia hiyo. Moyo uliniuma. Lakini wiki ile ile nilikuwa nimemkataa mtu mwingine kwa alama hizo hizo. Huyo ningemjibu nini? Kwamba hajui Kiswahili? Nikamwandikia Mkongo barua ya kumkatalia, sababu nikaitaja. Baadaye nikabadili kigezo kwa wote: risiti za kodi au barua ya mwajiri zinatosha. Yeye alikuwa ameshapata kwingine.

Basi nikamtumia mama orodha ya maswali, ayaulize kwa kila mteja, na miezi ya kodi iwe ile ile. Akacheka. "Hiyo karatasi yako ndiyo itakayokaa na mlevi uani?" Hapo ana hoja. Mimi mpangaji wangu simwoni. Mama anagawana na wake choo, bomba na LUKU moja, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Tumekubaliana kila mteja ataulizwa alivyokuwa akichangia umeme alikotoka, na mwenye nyumba wake wa zamani atapigiwa simu.

La mwanamke asiye na mume bado tunabishana.