Zege la Salgaa libaki

Tangu vizuizi vya zege viwekwe katikati ya barabara kuu ya Nakuru–Eldoret nchini Kenya, kati ya Salgaa na Sachangwan, lawama hazijakoma. Wenye biashara wanasema wateja wa ng'ambo ya pili wamewapotea. Madereva nao wanalalamika kwamba trela ikikwama mlimani, foleni inakuwa ndefu na hakuna pa kupenya. Kisha wapo wanaouliza: si bora pesa hizo zingetumika kuwabana madereva wazembe?

Kilio cha wafanyabiashara kina msingi. Swali hilo la mwisho ndilo nisilokubaliana nalo. Madereva wa malori wamekanywa miaka nenda miaka rudi wasiuteremke mlima ule na gia huru ili kuokoa mafuta, na bado wapo wanaofanya hivyo. Isitoshe, hata dereva makini hupasukiwa na tairi au hukatikiwa na breki.

Desemba 31, 2017, basi na lori yaligongana ana kwa ana pale Migaa, kwenye barabara hiyo hiyo kabla zege halijawekwa, watu 36 wakafa. Magari mawili yakikutana hivyo, kila moja likienda kilomita 80 kwa saa, mwendo wote huo huisha kwa kufumba na kufumbua, na abiria ndio wanaoulipia kwa miili yao. Gari lilo hilo likiliparuza zege kwa pembe ndogo, mwendo wake hupungua kidogo kidogo: bodi itakwaruzika, taa itavunjika, lakini litabaki upande wake. Ndiyo maana vizuizi vya aina hii huwa vipana chini na vyenye mshazari, tairi lipande kidogo kisha liteleze kurudi. Ukiona michirizi myeusi ya tairi kwenye zege, hapo pana gari ambalo lingevuka likakutana na basi.

Si kila kizuizi kinafaa kila mahali. Kingo za chuma za kawaida, zile za kwenye kona, hupimwa kwa magari madogo na pikapu. Trela la tani 36 linataka kitu kirefu na kizito zaidi. Ukingo ulioachwa ncha wazi ikiwaelekea wanaokuja unaweza kulidunga gari hadi kwenye kiti cha dereva. Na uliong'olewa bolti na wezi wa vyuma chakavu haumzuii mtu.

Zege la katikati pia halimlindi anayeuza bidhaa kando ya lami. Juni 30, 2023, kwenye makutano ya Londiani, lori liliwavamia wachuuzi na wanabodaboda, zaidi ya watu 50 wakafa. Mahali kama pale panahitaji soko lililo mbali na lami, na kwenye miteremko ijengwe njia ya kando yenye kokoto nyingi za kulinasa lori lililokatika breki kabla halijafika stejini.

Barabara ya Rironi hadi Mau Summit, inayopita Salgaa, inapanuliwa. Watu wa Salgaa wadai vivuko vya miguu, sehemu za kugeuzia magari na mapengo ya ambulensi yanayofungwa kwa lango, na wadai sasa, michoro ikiwa bado inaweza kurekebishwa. Kudai zege ling'olewe ni kuirudisha Migaa ya 2017.