Hifadhi za Kanda ya Ziwa: Gharama Anabeba Nani?

Kila wakulima wa Bunda na Busega, wilaya zinazopakana na Hifadhi ya Serengeti, wanapolalamikia tembo, huku Mwanza mjini tunagawanyika. Wengine husema hifadhi ni mali ya taifa, wavumilie. Wengine husema serikali inajali wanyama kuliko watu. Mimi naona tunaruka swali lenyewe: gharama ya kuhifadhi inatoka mfukoni mwa nani?

Ile ya bajeti, yaani mishahara ya askari, magari, mafuta, boti za doria, sina ugomvi nayo. Hifadhi nyingi hazijiendeshi kwa viingilio vyake; zinabebwa na chache kama Serengeti na Kilimanjaro. Saanane, hifadhi ya kisiwani hapa Mwanza yenye kilomita za mraba mbili na ushee, haiwezi kuingiza fedha za Serengeti. Lakini mtoto wa Igogo anavuka kwa boti dakika chache tu, anawaona pimbi juu ya mawe na swala chini yake. Kisiwa cha Rubondo nako, hifadhi tangu 1977, uvuvi wa biashara umezuiwa na sato wanapata pa kuzaliana. Wavuvi wa visiwa jirani wanafaidi, ingawa faida hiyo haionekani kwenye mapato ya getini.

Gharama inayoniuma ni ile isiyoandikwa popote. Mahindi yakikomaa, familia ya Lamadi inahamia shambani: dungu, tochi, debe la kugonga usiku kucha, na asubuhi mtoto anasinzia darasani. Kundi la tembo likipenya usiku mmoja tu, shamba limekwisha. Kanuni za mwaka 2011 ziliweka kifuta jasho, yaani malipo ya kumpoza aliyeharibiwa na wanyama, cha shilingi 25,000 hadi 100,000 kwa ekari, mwisho ekari 5, na aliye karibu zaidi na mpaka wa hifadhi alipangiwa kiwango cha chini zaidi. Kwa aliyeuawa, shilingi milioni 1. Aliyewahi kulipia trekta, mbegu na palizi anajua fedha hiyo haimrudishi mtu shambani.

Serikali ina hoja yake: ukilipa fidia kamili, watu watakimbilia kulima kwenye shoroba, mapito ya wanyama. Ni hoja nzito, ila haimhusu mwanakijiji ambaye kijiji chake kimesajiliwa na serikali hiyo hiyo.

Nyatwali, Bunda, wananchi walitakiwa kuhama ili wanyama wa Serengeti wafike ziwani wakati wa ukame. Sababu naikubali, kiangazi kikali, mito ya Serengeti haitoshi. Lakini anayehamishwa kutoka mwaloni hapotezi nyumba na ekari zake tu. Anapoteza dagaa, wateja na kazi anayoijua, na tathmini ya ardhi na majengo haiyahesabu hayo.

Mwaka 2020 serikali ilianza kukusanya mapato ya hifadhi kupitia TRA, mamlaka ya mapato, na kuyaingiza Hazina. Basi na hasara ya mkulima ilipwe na Hazina hiyo hiyo, kwa bei ya gunia sokoni, kabla ya msimu wa kupanda unaofuata.