Kudai adabu kwenye ubishi sio kumziba mtu mdomo

Kila grupu likishakuwa na watu wengi ugomvi huu lazima uje. Admini kafuta komenti yenye matusi, hapo hapo kambi mbili zinatokea, wengine wanasema safi sana, wengine wanasema basi hapa uhuru umeisha, mnataka tuwe tunasifiana tu. Mimi niko na hao wanaodai adabu na naona hawajaeleweka kabisa, ila wale wengine nao wana hoja nzito na ni haki wasikilizwe kwanza.

Wanachosema ni kwamba mtu aliyeumizwa haongei kwa upole. Ukimwambia "punguza jazba" kabla hujasikiliza analolalamikia, umeshamhukumu kwa ukali wa sauti na lalamiko lake liko pale pale halijajibiwa. Halafu wapo watu wanajua kutukana kwa lugha laini, anaanza na "samahani mkuu" anakuzungusha weee mpaka mwisho unagundua umeitwa mjinga, ukija juu unapigwa bani wewe, yeye anabaki na laiki zake. Na admini asiyependa kupingwa akipewa kanuni ya adabu mkononi anaifanya fimbo. Yote hayo yapo na nayakubali.

Shida ni kwamba wanahesabu tu komenti zilizofutwa, zile ambazo hazikuandikwa kabisa hawazihesabu. Chukua uzi wa kawaida tu, mtu kauliza eti kuchaji simu usiku kucha kunaua betri? Wa kwanza kajibu ndio inakufa, wa pili kasema huo uzushi, simu za siku hizi zikijaa zinazuia chaji zenyewe. Mpaka hapo mambo mazuri sana maana wote wawili wana kitu, ni kweli simu inajizuia ikijaa, na ni kweli pia betri ya lithiamu ikishinda kwenye asilimia 100 huku imepata joto inachoka mapema. Komenti ya tatu ndo inaharibu: "kwani we umesomea wapi?" Kuanzia hapo betri imesahaulika, ni vyeti, ni nani fundi wa kweli na nani kakariri mitandaoni, povu mwanzo mwisho. Na humo humo ndani kuna fundi anayefungua simu kila siku, angemaliza ubishi kwa mistari minne, ila kasoma yanayoendelea kaona ya nini nijitafutie kuoga matusi bure. Aliyeuliza kaondoka hana jibu. Uhuru uliotetewa pale ni wa watu wawili, wengine wote wameupoteza na hakuna aliyefuta komenti yao hata moja.

Sasa utaambiwa wakali ndo walivyo, ukiwabana wanahama. Hapa kuna takwimu moja huwa naifikiria sana. Twitter, kabla haijabadilishwa jina, ilijaribu kitu kwa baadhi ya watumiaji wake, mtu akitaka kutuma jibu lenye maneno makali anaulizwa kwanza kama anataka kulipitia tena. Mwaka 2021 wakatangaza kwamba asilimia 34 ya waliopata ujumbe ule walibadilisha jibu lao au waliliacha kabisa. Ebu itazame vizuri. Mtu ni yule yule, hasira ile ile, hajatishiwa bani, kitufe cha kutuma kipo mbele yake, kilichoongezeka ni swali tu na sekunde chache, na theluthi nzima wakarudi nyuma. Najua namba hiyo wameitoa wenyewe kuhusu kazi yao wenyewe, na najua pia zaidi ya nusu walituma kama kawaida, tena wapo waliokuwa na haki ya kutuma maana mtambo mwanzoni ulikuwa unashindwa kutofautisha tusi na utani wa marafiki, hata wao walilikubali hilo. Lakini hiyo theluthi inaniambia wengi tunaowaita wakorofi ni watu wa kawaida waliokamatwa dakika mbaya. Na kuna utafiti wa mwaka 2017 wa watu wa Stanford na Cornell, vyuo vikuu vya Marekani, uliokuta mambo mawili yanamsukuma mtu wa kawaida kuanza uchokozi, hali yake ya moyo siku hiyo, na kukuta wenzake wameshaanza kuchokoza. Ndo maana naing'ang'ania ile komenti ya tatu, ikipita hivi hivi inawafundisha wanaokuja nyuma kwamba hapa ndo tunaongea hivi.

Wapo wanaosema dawa ni kila mtu atumie jina lake halisi. Korea Kusini ilijaribu, mwaka 2007 ikalazimisha tovuti kubwa zihakiki majina ya wanaokomenti, mwaka 2012 Mahakama ya Katiba ikaifuta sheria hiyo, na kabla ya hapo, 2011, data za watumiaji kama milioni 35 wa huko ziliibiwa. Jina halisi halimzuii mtu kutukana, mbona kwenye magrupu ya ukoo watu wanajuana mpaka mababu na bado wanavunjiana heshima.

Wikipedia, ambako yeyote anaweza kuhariri kurasa, wao wana kanuni naipenda sana, usirudishe nyuma mabadiliko ya wenzako kwenye ukurasa mmoja zaidi ya mara tatu ndani ya masaa 24. Na "lakini mimi ndo niko sahihi" kwa kawaida haikuokoi, nenda ukurasa wa majadiliano ueleze. Kwa hiyo hakuna anayekulazimisha ukubali, unabisha utakavyo, ila unabisha kwa maelezo. Hata Linux, mradi wa kutengeneza programu ya kuendeshea kompyuta, ambako kwa miaka watu walitetea ukali wa mwanzilishi wake Linus Torvalds kwamba ndo unalinda ubora wa kazi, Septemba 2018 mwenyewe aliomba radhi akapumzika kidogo, mradi ukaweka kanuni mpya za mwenendo, na msimbo mbovu wa programu hadi leo unakataliwa kama zamani.

Sasa hofu ya fimbo inabaki na haiondoki kwa kuambiana tuaminiane. Mimi ningetaka admini akifuta aseme hapo hapo kafuta kwa sababu gani, na kama ndani ya lile tusi kulikuwa na hoja amwambie mwenyewe airudishe bila tusi, asiizike. Wale wa "samahani mkuu" nao wahesabiwe, kumdhalilisha mtu kwa lugha laini ni kumdhalilisha tu. Na admini aliyeingia mwenyewe kubishana kwenye uzi asiwe yeye anayeufunga, amwachie admini mwingine ambaye hajachangia, hata kama kwenye hilo la betri yeye ndo alikuwa sahihi.