Kadi za kupimia damu ya vichanga tunazo, tunazitumia nusu

Mtoto wa miezi mitano ana kajihoma kidogo, amekataa ziwa tangu jioni, asubuhi haamki. Mtaani jibu huwa tayari: degedege, au mama kamlalia. Hilo la pili ndilo baya zaidi, kwani mama hutoka msibani akiwa mtuhumiwa.

Malaria na nimonia bado zinaua wengi zaidi, hilo halina ubishi. Lakini wamo watoto ambao miili yao haiwezi kuchoma mafuta. Ugonjwa unaofahamika zaidi wa kundi hili ni MCADD, wa kurithi kwa baba na mama wasioumwa chochote. Mtoto akinyonya vizuri, huoni kitu. Akiacha kunyonya kwa saa kadhaa, akiba ya sukari kwenye ini inaisha, mwili unageukia mafuta na kukwama hapo. Sukari inashuka, ubongo unazimika. Kumkinga si ghali: asikae na njaa, na akitapika au kukataa ziwa awahishwe hospitali atundikiwe dripu ya glukosi.

Kasoro ya jeni inayoongoza kuleta MCADD imeenea hasa Ulaya ya kaskazini, kwa hiyo kunakili orodha ya Uingereza ya magonjwa anayopimwa kila kichanga ni uvivu. Kwa Dodoma ningeanza na selimundu na upungufu wa homoni ya thairoidi (tezi ya shingoni), maana yote mawili yana tiba tunayoimudu. MCADD ifuate kwenye kadi ileile ya matone ya damu ya kisigino, spektrometa (mashine ya kupima kemikali za damu) ikipatikana; kipande cha kadi cha milimita 3 tu kinaitosha.

Na kadi si ngeni. Ni ileile ya DBS, yaani tone la damu lililokaushwa, ambayo wauguzi wa Mpwapwa na Kondoa huitumia kumpima VVU mtoto wa mama mwenye maambukizi. Pasha mguu joto, safisha kwa spiriti na uiache ikauke, toboa pembeni mwa kisigino, si nyuma kwenye mfupa, kina kisizidi milimita 2. Futa tone la kwanza kwa gozi kavu. Tone kubwa moja lijaze duara kutoka upande mmoja hadi lipenye upande wa pili. Ukikamua kisigino kama limau, maji ya tishu yanachanganyika na damu, kipimo kinashuka. Ukirundika tone juu ya tone, kinapanda. Kausha kadi ikiwa imelala, kivulini, saa 3 hadi 4. Hapa Dodoma tuna nafuu kuliko Tanga, hewa yetu kavu. Adui ni joto: kadi iliyoshinda kwenye boksi la pikipiki juani huharibu baadhi ya vimeng'enya vinavyopimwa.

Kuna suala la muda. Mama wengi huruhusiwa kabla ya saa 24, wakati homoni ya kuamsha thairoidi iko juu kwa kila kichanga, hivyo tukipima wakati huo wazima wataonekana wagonjwa. Damu ichukuliwe kwenye hudhurio la siku ya 3 hadi 7. Mtoto wa MCADD anaweza kufa kabla ya hapo, maziwa yakichelewa kutoka, ndiyo maana kadi peke yake haitoshi. Kadi iandikwe namba ya simu ya mama na ya jirani pia. Masika makorongo yakijaa na familia ikihamia shamba, jibu lililokaa kwenye faili halimsaidii mtu.

Wakati tukisubiri mashine, kila zahanati iwe na glukomita (kipimo cha sukari ya damu) yenye vibanzi ambavyo havijapitwa na muda. Kichanga aliyelegea apimwe sukari palepale. Ikiwa chini, apewe glukosi ya asilimia 10 kwenye mshipa, mililita 2 kwa kila kilo. Iliyopo ikiwa ya asilimia 50, changanya sehemu moja na sehemu nne za maji ya sindano. Mshipa ukigoma, sukari iliyoloweshwa kidogo chini ya ulimi wakati mnampeleka hospitali.

Na damu ileile ya glukomita, kabla sukari haijaingia, idondoshewe pia kwenye kadi. Ni kazi ya sekunde, ila kadi iwe pembeni ya glukomita, si kwenye kabati ambalo ufunguo wake uko kwa mtu aliyekwenda semina.